Kipande cha Mtutu

Mtoto wa mdogo wangu alikuja nyumbani kwangu Itigi jioni moja ya mwezi wa sita, akiwa na uso wa mtu ambaye jambo lake linaelekea kutimia. Alikuwa ameanza kufuatilia leseni ya kumiliki silaha, na bunduki ya kununua alishaiona: shotgani ya mitutu miwili ya mzee mmoja anayeacha uwindaji.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Chai ilipoa mbele yake. "Nimekuja unishauri," alisema. "Bunduki yenyewe nzuri, ila mtutu ni mrefu mno. Wewe unavijua vichaka vyetu. Ukiingia na kitu kirefu unakwama kila hatua. Kuna fundi ameniambia ataipunguza inchi kumi hivi, iwe nyepesi, na marisaa yatasambaa vizuri. Unaonaje?"

Nimekuwa askari wa wanyamapori kwa miaka mingi, watu wakiniita bwana nyama kama walivyowaita waliotutangulia, na swali hilo nimeulizwa na vijana wengi. Siku zote nimewajibu kwa vipimo na sheria. Safari hii nilimtazama yule kijana, nikaona vipimo peke yake havitatosha. Niliingia chumbani, nikafungua sanduku, nikatoka na kitu kilichozungushiwa kipande cha khanga ya zamani. Nikakiweka mezani.

"Kifungue."

Alikifungua. Ndani palikuwa na mabomba mawili mafupi ya chuma yaliyoungana ubavuni, urefu wake kama shubiri moja na zaidi kidogo, yameshika kutu upande mmoja.

"Ni nini hiki?"

"Ni mwisho wa mtutu. Inchi kumi, kama hizo unazotaka kupunguziwa." Nilimpa kijiti nilichokichonga siku nyingi kwa ajili ya kazi hiyo. "Ingiza kwenye bomba la kushoto, upande huu uliokatwa kwa msumeno." Kijiti kiliingia bila taabu. "Sasa geuza. Ingiza kwa upande wa mdomo." Kijiti kiligota. Alisukuma, akazungusha, akajaribu tena, kikakataa.

"Tofauti ya hapo na hapo ni milimita moja," nilimwambia. "Kaa nikueleze milimita hiyo ilikuwa na kazi gani, na siku ilipoondolewa kulitokea nini."

Vichaka vya Itigi havifanani na vichaka vya mahali pengine. Wataalamu wa mimea wanavihesabu kuwa namna yake peke yake: viko hapa katikati ya Tanzania, kisha huvioni tena mpaka kaskazini mwa Zambia, pande za Sumbu na Ziwa Mweru Wantipa. Havina miti mikubwa, na chini yake nyasi ni haba. Ni mashina membamba yanayotoka ardhini kwa mafungu, yanapanda mita tatu hadi tano, na huko juu yanasukana kama ukili. Kiangazi majani hupukutika, lakini hata vikiwa vitupu, mtu aliyesimama hatua ishirini kutoka ulipo humwoni. Unasikia kijiti kikivunjika, basi.

Mjomba wetu, kaka yake mama, aliwinda kanga pembezoni mwa vichaka hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa leseni na kwa msimu. Bunduki yake ilikuwa ya Kiingereza, namba 12, mitutu miwili yenye urefu wa inchi 30. Tulipokuwa wadogo tuliiona ndefu kuliko sisi. Yeye hakuwahi kuingia nayo kichakani hata siku moja. Alfajiri alijibanza kwenye ukingo, mahali kanga wanapotoka kwenda kuchakura mashambani na kuoga vumbi, akangoja. Jioni alingoja tena, wanaporudi. Alikuwa na kanuni mbili alizotuimbisha kama jedwali la kuzidisha. Ya kwanza: bunduki ikiingia kichakani, watu watoke, watu wakiingia, bunduki ibaki nje. Ya pili: usimpige ndege mpaka uione mbingu chini ya miguu yake.

Siku alizorudi mikono mitupu hazikuwa chache. Mtoto wake, binamu yangu, hakupenda kungoja. Alisema kanga wako mle ndani, tunawasikia, na mzee anakaa nje kama mgeni asiyekaribishwa. Akamwambia mara nyingi kwamba tatizo ni bunduki, kwamba ingekuwa fupi tungewafuata hukohuko. Mjomba alimjibu kwa methali moja tu: mchagua jembe si mkulima.

Mwaka 1998 ulikuja baada ya zile mvua za El Niño zilizobomoa barabara na madaraja nchini. Vichaka vilinenepa kuliko nilivyopata kuviona, na kanga walikuwa wengi kupita kiasi. Msimu ulipofunguliwa mwezi wa saba, mjomba alishikwa na homa, akalazwa. Ufunguo wa sanduku la bunduki ulibaki kwa mkaza mjomba, na binamu aliujua ulipofichwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, yeye ishirini na mbili. Alinijia usiku, akanishawishi kwamba tukiirekebisha bunduki mzee atatoka hospitali akute kitu kizuri na kitoweo juu. Sikukubali mara moja, lakini sikukataa. Nikikumbuka sasa, kutokataa kwangu ndiko kulikokuwa kukubali.

Tulikwenda kwa fundi baiskeli. Alipoona tulichobeba aligoma kukata. Akasema yeye hahusiki na mambo ya bunduki. Lakini alituazima jiriwa lake na msumeno wa chuma, akaenda kukaa nje ya kibanda. Nimelifikiria hilo kwa miaka mingi. Mtu anaweza kukataa jambo kwa mdomo na bado akakupa zana za kulifanyia. Binamu alikata, na mimi nilishika mtutu usitikisike. Unga wa chuma ulinidondokea mkononi ukiwa wa moto. Kipande kilipoanguka, kilianguka na kile kitone cha shaba cha kulengea, na kati ya mitutu miwili iliyobaki pakatokea upenyo ambao mwanzoni ulikuwa umezibwa kwa kulehemu. Binamu alilainisha ncha kwa tupa, akaiinua bunduki begani, akaipeleka kushoto na kulia. Ilizunguka kama fimbo. "Umeona?" alisema. Nami niliona, nikafurahi naye.

Asubuhi ya pili tuliondoka watu watatu: binamu na bunduki, mimi na mfuko, na mdogo wangu wa miaka kumi na tatu ambaye tulimchukua awe wa kuwafukuza kanga. Kanuni ya kwanza ilivunjika hapo hapo. Tulimwambia azunguke kichaka, aingie kwa ubavu wa kulia, agonge mashina kwa fimbo awasukume ndege kwetu. Sisi tuliingia na njia ya ng'ombe, nyembamba, mtu na mtu nyuma yake. Na kweli, bunduki haikukwama popote. Ilipita kila tulipopita.

Tuliwasikia kanga kabla ya kuwaona. Wakatokea mbele yetu wakikimbia, kama walivyo, maana kanga hupenda kukimbia kuliko kuruka, vichwa chini, kijivu juu ya kijivu. Kisha kundi zima likakata kulia na kuingia kwenye mashina. Binamu aligeuka nalo. Alikuwa amesimama kati ya mafungu mawili ya miti yaliyombana mabega, na hata hivyo alizunguka robo nzima ya duara kwa wepesi, bunduki ikiwa begani, akafyatua kwenye kitu kilichokimbia chini kwa chini. Hapakuwa na mbingu chini ya ndege yule. Palikuwa na majani, na nyuma ya majani alikuwepo mdogo wangu.

Mlio wenyewe ulinipiga kama kofi. Mtutu ukiwa mfupi, kishindo kinatokea karibu na masikio, na mle ndani hapakuwa na pa kutokea. Masikio yangu yalivuma. Binamu alikuwa anacheka na kuninyooshea kidole mahali kanga alipoanguka, na mimi nilikuwa nacheka pia, na katika muda huo wote mtoto alikuwa akituita. Hatukumsikia. Nilipomwona alikuwa amekuja mwenyewe, akipapasa mashina, mkono mmoja umefunika uso.

Marisaa yaliyompata yalikuwa matatu. Moja liliingia begani, moja likapita juu ya nyusi. La tatu liliingia jicho la kushoto.

Tulimbeba kwa baiskeli. Hospitalini walimhudumia, wakatuambia tukalete PF3 ya polisi, nasi tukasimama pale getini kila mmoja akingoja mwenzake ndiye aende. Aliyekwenda ni mjomba. Alitoka kitandani na homa yake, akajifunika shuka, akaenda kituoni na bunduki iliyobaki, akaeleza yote. Askari aliyeandika maelezo alisoma kwa sauti alichoandika: bunduki iliyokatwa mtutu. Sote tunayajua maneno hayo. Tunayasikia redioni makamanda wa polisi wanapotangaza majambazi waliokamatwa. Nilimwona mjomba akiyasikia yakisemwa juu ya kitu chake, yeye aliyelipia kila leseni na kurudisha kila ganda la risasi nyumbani. Bunduki ilichukuliwa, leseni ikafutwa, faini ikauzisha ng'ombe. Aliishi miaka minane baada ya hapo na hakutaka kuwinda tena. Binamu alihamia machimbo ya dhahabu upande wa Chunya. Kipande hiki nilikifuata kwa yule fundi baada ya mwaka mzima. Kilikuwa kimetupwa kwenye vyuma chakavu.

Kijana alikuwa amekishika kile kipande kwa mikono miwili. Hakusema kitu. Nikaona ni wakati wa kumpa vipimo, kwa sababu hadithi bila maarifa humtia mtu hofu tu, na hofu haimfundishi mtu kuwinda wala kuacha.

Nilimwambia: usidhani urefu wa mtutu ndio unaosambaza au kukusanya marisaa. Kinachofanya kazi hiyo ni ule mbano wa mdomoni ambao mafundi wanauita choki. Mtutu wa namba 12 una upana wa milimita 18 na nusu hivi. Kwenye mtutu wenye choki kamili, sentimita chache za mwisho hubanwa kwa milimita moja tu, hiyo iliyogotesha kijiti. Ufundi huu ulipata jina kubwa Uingereza miaka ya 1870, W. W. Greener wa Birmingham akiwa mmoja wa waliouendeleza, na hesabu yake mpaka leo ni ileile. Piga shabaha ya karatasi kwa umbali wa mita 36 na nusu, chora duara la sentimita 76 pale marisaa yalipojaa zaidi. Kwa choki kamili, katika kila marisaa 100, kama 70 yatakuwa ndani ya duara. Kwa mtutu usio na choki yatakuwa kama 40. Ukikata mwisho wa mtutu unakata choki, hata kama umekata vidole viwili tu.

"Basi si ndiyo kusambaa kwenyewe?" aliuliza.

"Ndiyo. Sasa niambie, yale 60 yaliyotoka nje ya duara yanakwenda wapi?"

Akanyamaza.

Hayapotei, mwanangu. Risasi ya marisaa ya namba 6, ya ndege, inaweza kufika zaidi ya mita 200 kabla ya kuanguka. Ile ya marisaa makubwa ya wanyama inapita mita 500. Kwa hatua ishirini, mtawanyiko wa mtutu usio na choki ni karibu mara mbili ya ule wa choki kamili. Sisi tuliomba marisaa yasambae, na yalisambaa. Kanga aliyelengwa alipata ya kwake, na mtoto ambaye hakuna aliyemlenga akapata ya ukingoni.

Wepesi nao una bei yake. Uzito wa mbele ya bunduki ndio unaoituliza. Mkono unapoanza kumfuata ndege, ule uzito unaendelea nao kwa utaratibu. Ukiuondoa, bunduki inapeperuka, inaanza haraka, inasimama haraka, na teke lake begani linakuwa kali zaidi. Nguvu ya risasi haipungui sana, maana baruti ya siku hizi humaliza sehemu kubwa ya kazi yake mapema ndani ya mtutu. Kwa hiyo aliyekata hujidanganya kwamba hajapoteza kitu. Anachopoteza kipo mahali pengine. Mtutu wa inchi 30 usingezunguka pale alipokuwa amesimama binamu. Ungegonga shina. Kule kukwama tulikokulaani ndiko kungemshika mkono sekunde moja, na sekunde moja ilitosha mtoto kuonekana.

"Kwa hiyo bunduki fupi ni mbaya?"

Hapo nilitaka anielewe vizuri, kwa sababu si kweli. London alikuwepo mtengenezaji bunduki aliyeitwa Robert Churchill, ambaye wakati wenzake wakishikilia inchi 30 yeye aliuza mitutu ya inchi 25, na watu waliwinda nayo kwa furaha. Lakini mitutu ile ilizaliwa na inchi 25. Ilibanwa mdomoni kwa kipimo chake, ikasawazishwa uzito wake, kitako kikachongwa kumfaa mwenyewe. Iliyozaliwa fupi na iliyokatwa ni vitu viwili, kama mtu mfupi alivyo tofauti na mtu aliyekatwa miguu.

Sheria za nchi nyingi zimeuona mpaka huo pia. Uingereza, kupunguza mtutu wa shotgani chini ya inchi 24 ni kosa chini ya sheria yao ya silaha ya 1968. Marekani, tangu 1934, mtutu ulio chini ya inchi 18, au bunduki nzima iliyo chini ya inchi 26, inaingia kwenye kundi la silaha zenye masharti makali. Kwetu tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni inatolewa kwa mtu fulani kwa bunduki fulani. Haitolewi kwa ukoo, na haifuati ufunguo wa sanduku. Sisi tuliigusa bunduki ambayo haikuwa yetu kisheria, tukaigeuza kuwa kitu ambacho mwenyewe asingeweza kukieleza mbele ya mtu yeyote.

Kisha nikampa ushauri aliokuja kuutafuta, kwa sababu alikuwa ameuliza kwa adabu na alistahili jibu.

Kwanza, urefu upime wa bunduki nzima, usiupime wa mtutu peke yake. Bunduki ya mitutu miwili haina sanduku refu la mitambo nyuma ya mtutu kama zile za kukokota au za kujijaza zenyewe, na kwa hiyo yenye mtutu wa inchi 28 huwa fupi kuliko ya kujijaza yenye inchi 26. Wengi wanakimbilia kukata kumbe wangechagua aina tu. Kama unataka ya vichakani, tafuta iliyotoka kiwandani na inchi 26, ikiwezekana namba 20 ambayo ni nyembamba na nyepesi, yenye choki nyepesi au choki za kubadilisha. Kwa ndege wa karibu choki ya wazi ni sahihi kabisa, mradi umeichagua kwa kujua.

Pili, kiweke kitako begani ukiwa umefumba macho, kisha ufumbue. Kama jicho halikai katikati ya mtutu, bunduki hiyo si yako, hata ingekuwa na urefu gani.

Tatu, kabla ya kuingia porini ipige kwenye karatasi, kwa hatua ishirini, thelathini, arobaini, uone kwa macho yako marisaa yanafika wapi. Sisi hatukupiga hata karatasi moja. Karatasi yetu ya kwanza ilikuwa uso wa mtoto.

Nne, ikunje. Uzuri mkubwa wa bunduki ya kukunja ni kwamba ikiwa wazi kila mtu anaona haina kitu ndani. Unapopita palipofunga, toa risasi, ikunje mkononi. Usitegemee kile kitufe cha usalama. Kijiti kimoja cha kichakani kinatosha kugusa triga.

Tano, vaeni kitambaa cha rangi inayopiga kelele, na semezaneni. Kila mmoja ajibu kabla mtutu haujainuka. Asipojibu mmoja, hakuna risasi.

"Na ukishayafanya yote hayo," nikamwambia, "bado swali la kwanza linabaki. Umesimama wapi? Babu yako mjomba hakuwa na bunduki ya vichakani kwa sababu alijua kichaka si mahali pa kupigia. Ule urefu tuliouona kasoro ulikuwa unamweka ukingoni, mahali ambapo ndege hutoka mwenyewe na mbingu inaonekana. Sisi hatukutaka kubadili pa kusimama. Tukabadili bunduki. Kila nikisikia mtu anataka kukata mtutu, najua kuna kungoja fulani anakokukimbia."

Alikuwa bado amekishika kile kipande. Akauliza kwa sauti ya chini, "Huyo mdogo wako..."

Mimi nina mdogo mmoja tu wa kiume.

"Baba alituambia ni mwiba," alisema. "Alipokuwa anachunga."

"Alisema mwiba ili mjomba asiendelee kusemwa. Na ili mimi niweze kuingia nyumbani kwenu bila ninyi kunitazama kama unavyonitazama sasa."

Hakuna alichojibu, nami sikumtaka ajibu. Tulikaa hivyo mpaka giza lilipoanza kuingia, na mdogo wangu akabisha hodi, amekuja kumchukua mwanawe, kama kawaida yake akigeuza kichwa chote ili aone chumba. Aliona meza. Aliona kile kipande nje ya khanga yake. Akatutazama mmoja mmoja.

"Nimemwambia," nikasema.

"Umechelewa," alinijibu, bila ukali. "Lakini afadhali kabla hajanunua."

Niliwasindikiza mpaka njia panda. Tangu utoto wake yule kijana hutembea mkono wa kulia wa baba yake. Watoto wote wa nyumba ile walijifunza hivyo bila kuambiwa, kwa kuwa upande huo baba anawaona. Jioni ile, walipofika mahali njia inapobanwa na vichaka, nilimwona akipunguza mwendo, akapita nyuma ya baba yake, akatokea upande wa kushoto. Akaanza kumshikia matawi.